Kipimo cha Bi Bafta

Mwanangu, kosa nitakalokusimulia lina majina mawili. La kwanza ni pupa. La pili ni uongo wa nia, yaani kulitenda jambo la nafsi yako kisha ukalivika kanzu ya ibada ili watu wasikuhoji. Pupa peke yake ingenijeruhi tu. Ni ule uongo ulionifikisha mahali ambapo binti yangu wa kumzaa alinitazama usoni, mchana kweupe, akasema mimi siye mama yake. Nayataja majina hayo mapema kwa sababu simpendi msimulizi anayemficha mwizi hadi mwisho wa hadithi. Mwizi umekwisha kumjua. Sasa kaa nikueleze alivyoingia.

Siku aliyoingia naikumbuka vizuri. Ilikuwa Jumamosi, nasi tulikuwa tumeketi barazani kwa fundi cherehani mmoja hapa hapa Dunda, Bagamoyo; wanawake saba wa ukoo mmoja, tumekwenda kupimwa sare za harusi ya mdogo wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu aliyefanya kazi Chalinze na kurudi nyumbani kila Alhamisi, na mama wa mtoto wa miaka mitatu aitwaye Zuhura. Kwa vile mume wangu alikuwa mbali, mimi na mtoto tuliishi kwa mama yangu. Mwili wangu ulikuwa umejaa tangu nilipojifungua. Sikuwa mgonjwa, lakini kilima kidogo tu kilinitoa pumzi, magoti yalianza kunung'unika, na muuguzi aliyenipima shinikizo la damu alikwisha kuniambia kwa upole kwamba ingefaa nipungue. Ushike huo, mwanangu: haja ya kupungua ilikuwa ya kweli. Kosa halikuwa katika kutaka. Lilikuwa katika njia.

Fundi akanizungushia futi kiunoni, akaitazama, akaizungusha tena. Kisha akamgeukia mama yangu.

"Mama, huyu mwalimu itabidi tumuunge. Kitambaa cha wenzake, kwake kinaishia ubavuni."

"Si umuunge kwa pazia la sebuleni!" akadakia binti wa shangazi yangu, na baraza nzima ikaangua kicheko.

Nami nilicheka. Ukimwona mtu anacheka kuwashinda wanaomcheka, mwanangu, mtazame macho.

Ng'ambo ya uchochoro ule, kwenye kizingiti cha nyumba yake, alikuwa ameketi mwanamke mmoja mdogo wa umbo, mkavu, mwenye kanga safi daima. Sisi tulimwita Bi Bafta. Bafta, kama hujui, ni kile kitambaa cheupe kinachokatwa sanda, na yeye ndiye aliyekuwa mwosha wa maiti za wanawake katika mitaa yetu. Watoto walivuka upande wa pili wasipitie mlangoni pake. Watu wazima walimwamkia kwa adabu kubwa na kwa haraka kubwa. Ilisemwa kwamba hakuhitaji futi wala uzi. Akikutazama mara moja alijua unaingia shibiri ngapi.

Yeye hakucheka. Alinitazama, na juu ya paja lake vidole vya mkono wa kulia vikajikunjua polepole, gumba kwa upande huu na cha mwisho kwa upande ule, vikapima hewa mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaukunja mkono.

Nilirudi nyumbani na mambo mawili kifuani: hasira ya kicheko na baridi ya vile vidole. Harusi ilikuwa baada ya siku arobaini. Nikaapa kwamba siku hiyo fundi yule atalazimika kupunguza kitambaa, si kuunga.

Nitakutajia nilichofanya, si ili uige bali ili ukijue ukikiona. Alfajiri, saa ya daku, badala ya kula nilichemsha majani ya sanamaki nikanywa kikombe kizima. Bibi zetu walikuwa na sanamaki ndani, ndiyo, lakini waliitumia siku moja tumbo likifunga, kisha wakairudisha kabatini. Mimi niliinywa kila siku. Mchana kutwa sikutia kitu kinywani, wala maji. Jua likizama nilikula tende mbili na chai isiyo na sukari, nikasema nimeshiba. Tena shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka, katika joto la Desemba unalolijua. Basi kila adhuhuri nilijifunga karatasi ya nailoni tumboni, nikavaa baibui juu yake, nikatoka kutembea kwa kasi kwenye barabara ya Kaole ili nitoke jasho. Niliamini jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Mwalimu mzima, mwenye cheti, niliamini hivyo.

Sasa utauliza: nyumbani hawakuona? Hapo ndipo uongo unapoingia. Wewe unazijua nyumba zetu. Sinia ni moja, mikono ni mingi, na asiyenyoosha wake huitishiwa kikao. Huwezi kusema hutaki kula. Utaulizwa umekasirishwa na nani, una mimba au una homa. Lakini liko neno moja linalofunga midomo yote, nami nililijua. Mama aliponiletea sahani siku ya kwanza nilisema, "Mama, nimefunga. Nalipa kadha."

Kadha ni zile siku za Ramadhani zinazompita mtu kwa udhuru, naye huja kuzilipa baadaye. Zangu zilikuwa siku tisa, za wakati nilipomnyonyesha Zuhura. Na nilikwisha kuzilipa zamani, zote tisa, bila kubakiza moja. Mama hakulijua hilo, wala mume wangu, aliyeambiwa neno lile lile kila alipokuja Alhamisi. Aliifunika sahani yangu, akanitazama kwa macho ya fahari, akasema, "Allah akutakabalie." Nikaitikia, "Amin."

Hebu fikiri uzito wa amin ile.

Juma la kwanza mwili ulishuka kama maji yanavyoshuka pwani bamvua likitoa. Wageni wakaanza kunisifu: mwalimu umekatika, mwalimu umekuwa mwari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nikazidisha sanamaki, vijiko viwili vikawa vitatu. Mtu mmoja tu hakusifu, naye ni bibi yangu mzaa mama, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Aliniita, akanishika kifundo cha mkono, akakizungusha kwa kidole na gumba.

"Mjukuu wangu, una nini?"

"Sina kitu, bibi. Napungua tu."

"Unapungwa? Na nani? Pepo gani huyo?"

"Napungua, bibi! Na-pu-ngua!"

"Haya. Anayekupunga mwambie aache, maana naona anakutoa wewe anambakiza pepo."

Tulicheka nyumba nzima. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijakutana na sentensi iliyoeleza hali yangu vizuri kuliko ile ya mzee asiyesikia.

Juma la tatu mambo yakaanza kuwa mengine. Mikono yangu ilikuwa ya baridi, Desemba, wakati watu wanalala sakafuni kwa joto. Nikichana nywele, kitana kinarudi kimevaa nywele. Miguu ilikakamaa ghafla nikiwa nimekaa. Na moyo, mwanangu: moyo ulikuwa ukipiga kama mtu anayegonga mlango, kisha akanyamaza, kana kwamba amesahau alichokuja kusema, kisha akagonga mara tatu kwa pamoja. Nilijiambia kwamba huo ndio mwili unaoaga mafuta.

Ndipo nilipomwona mwanamke yule.

Barabara ya Kaole saa ya adhuhuri unaijua ilivyo. Wazee wetu walitukataza kuitembea saa hiyo, jua linapokaa utosini na kivuli cha mtu kikajificha chini ya nyayo zake. Hakuna baiskeli, hakuna sauti. Hata kunguru wamenyamaza. Maji yametoka, mikoko imesimama kwenye tope kama watu waliosahauliwa. Nilikuwa natembea, nailoni inapwaya tumboni, nikamwona mbele yangu, mbali kiasi cha kiwanja cha mpira, anakwenda upande ule ule. Mwembamba. Mwendo mwepesi, bega halitikisiki. Amejitanda kanga yenye nakshi kama ya kanga niliyokuwa nayo nyumbani.

Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba sikuogopa. Nilifurahi. Nilisema moyoni, ule ndio mwili ninaoutaka.

Kesho yake alikuwapo tena. Na kesho kutwa. Hakugeuka hata siku moja. Kila siku nilimkuta karibu zaidi kidogo, nami nilikuwa na shauku moja ya kipuuzi: nisogee niweze kusoma jina la kanga yake, yale maneno yaliyoandikwa upindoni. Unajua sisi wanawake wa pwani, kanga isiyosomwa ni barua isiyofunguliwa. Lakini kadiri nilivyosogea, ndivyo nakshi ilivyozidi kufifia. Nyekundu ikawa kama ya kufuliwa mara nyingi, kisha ikawa waridi, kisha sikujua ni rangi gani.

Na kila nikitoka, Bi Bafta yuko kizingitini. Ananiitikia shikamoo yangu kwa "marahaba, mwanangu," na vidole vyake vinajikunjua juu ya paja. Siku ya kwanza mara tatu. Sasa mara mbili. Siku moja niliona mara moja na nusu, kisha vidole vikasita hewani, kama vya mtu aliyekuta kitambaa kimekwisha. Nilianza kumchukia. Nilijiambia: mchawi huyu ananipima sanda nikiwa hai.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Njia ya mwongo ni fupi, lakini ni nyembamba pia. Hapiti na mwenzake. Mama alikwisha kuanza kuuliza, "Hizo kadha ni siku ngapi, binti yangu?" Nami nikajibu, "Zimebaki chache."

Kisha ikaja Jumanne ile. Nilikuwa nimeketi uani, nikamwita Zuhura nimfunge kifungo cha gauni. Alisimama mlangoni, kidole mdomoni, hakuja.

"Njoo kwa mama."

Akatikisa kichwa.

"Zuhura, njoo. Mama anakuita."

"Siye," akasema. "Namtaka mama yule."

"Mama yule yupi?"

Hakulia wala hakununa. Alinyoosha mkono kwa utulivu wa mtu mzima, akaonyesha nje, upande wa barabara, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilisema mtoto amedeka, nikajifunga nailoni yangu, nikatoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Ilikuwa siku ya thelathini na moja.

Nilimkuta mahali pake, na safari hii alikuwa karibu, hatua kumi. Niliongeza mwendo. Hatua nane. Tano. Nikainama kidogo nisome upindo, na upindoni hapakuwa na neno. Palikuwa peupe. Nguo yote ilikuwa nyeupe, mpya, ngumu, ya kitambaa kile ambacho hakifuliwi kwa sababu kinavaliwa mara moja. Moyo wangu ukagonga, ukanyamaza. Nikangoja ugonge tena. Mwanamke yule akaanza kugeuka.

Sikuuona uso wake. Nashukuru mpaka leo kwamba sikuuona.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chini pembeni mwa barabara, kichwa juu ya paja la mtu, na kiganja kikavu kimelala kifuani pangu, kinasikiliza. Nikatazama juu: Bi Bafta.

"Usinioshe," nikasema. Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka.

"Siwaoshi wanaosema," akajibu. "Kaa kimya, bajaji inakuja. Siku ya nne leo nakufuata, mtoto wewe, na miguu yangu inaniuma."

Alinifikisha hospitali kwa bajaji, akaingia nami mpaka ndani, na hakuna muuguzi aliyethubutu kumwambia asubiri nje. Mama alitumiwa ujumbe, akaja na kanga begani upande mmoja tu. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, akanipima mapigo, akanifunga nyaya kifuani, akaitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine. Uso wake ukabadilika.

"Mwalimu, umekuwa ukila nini? Kuna dawa yoyote unayotumia? Hata ya kienyeji, niambie."

Mama alikuwa amesimama pale, macho yamejaa. Nami, mwanangu, kwenye kitanda kile, moyo wangu ukisahau mapigo, nilifungua kinywa nikasema, "Hakuna, daktari. Nilikuwa nalipa kadha tu."

Ujue nilikuwa tayari kufa kuliko kuonekana mwongo mbele ya mama yangu. Aibu ina nguvu kuliko njaa.

Bi Bafta aliinama karibu na sikio langu, lakini hakushusha sauti. Alitaka wote wasikie.

"Kadha gani isiyokwisha? Kila alfajiri nikiamka kusali harufu ya sanamaki inatoka jikoni kwenu inanikuta kwangu. Mwambie daktari ukweli. Au niambie mimi mapema, niende nikakate kitambaa. Duka la bafta hufungwa saa kumi."

Kisha nikasema. Nilisema yote: sanamaki vijiko vitatu, mwezi mzima, maji hakuna, nailoni, jua, na zile siku tisa nilizokwisha kuzilipa. Mama alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa. Daktari alikwisha kugeuka na kuwaita wenzake, kwa sababu sasa alijua anachotafuta. Chumvi za mwili, akaeleza baadaye, na hasa ile iitwayo potasiamu, zilikuwa zimetoka pamoja na kuhara na jasho, na moyo bila chumvi hizo hupoteza hesabu. "Ungetuficha hadi kesho," akasema, hakumalizia. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio kilikuwa kimekwisha kufika mlangoni kikivua viatu.

Nililala pale siku sita. Bi Bafta alikuja kila asubuhi. Siku ya tatu nilipata ujasiri wa kumuuliza.

"Bibi, ulikuwa ukinipima sanda?"

"Nilikuwa nakupima," akasema. "Sanda ni wewe uliyekuwa ukiitafuta. Nimeosha wengi, mwanangu. Waliokufa kwa unene nimewaosha, nami siusifu unene. Lakini nimeosha pia waliokufa kwa haraka ya kukonda, na mwili wao naujua kwa mkono. Unajua nini kinachotangulia kuondoka?"

"Mafuta."

"Maji. Kisha nyama." Akanishika msuli wa juu ya mkono, ulikuwa kama soksi isiyo na mguu. "Mafuta ni mwizi mzee, hatoki kwa kelele. Wewe umepiga kelele, mlinzi ndiye aliyekimbia. Mwizi bado yuko ndani, tena sasa yuko peke yake."

Akatandika kanga sakafuni, akaketi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, kisha akasimama bila kugusa chini kwa mkono. "Nimewageuza watu wazito kuliko mimi mara mbili kwa miaka thelathini," akasema. "Hii ndiyo nguvu yangu. Jaribu wewe." Nilishindwa. Nilishindwa mara tatu, na hapo ndipo nililia.

Nikamsimulia juu ya mwanamke wa barabarani. Daktari alikwisha kunieleza kwamba njaa, kiu na jua humwonyesha mtu mambo, nami nayaamini maneno ya daktari. Bi Bafta akaiokota kanga yake sakafuni, akaikunja.

"Mimi sijui kama ulimwona au hukumwona," akasema. "Ninachojua ni kwamba ulikuwa ukimfuata."

Harusini nilikwenda, mwanangu. Ile sare fundi alikwisha kuishona kwa kipimo cha Jumamosi ile, akiwa ameiunga kweli, nayo ikaning'inia mwilini mwangu kama nguo juu ya msumari. Binti wa shangazi yangu aliniona akafungua mdomo, kisha akaufunga. Ndicho kitu nilichokuwa nimekililia siku arobaini, na kilipokuja hakikuwa na utamu wowote.

Kazi ya kweli ilianza baadaye, nayo ilikuwa ya taratibu hata ikanikera. Kwanza niliambiwa nirudishe mlinzi. Daktari alinipa ratiba, Bi Bafta akaitafsiri kwa vyungu vyetu. Alfajiri yai au choroko na kipande cha muhogo wa kuchemsha, si maandazi. Mchana sinia likiwekwa nilijipakulia sahani yangu, nikaanza kuijaza nusu kwa mboga, matembele, bamia, mchicha. Robo samaki wa kuchoma au maharage. Robo iliyobaki ndiyo ya wali au ugali, kiasi cha ngumi yangu. Tui jepesi badala ya tui zito. Chai bila sukari ilinishinda, nikashusha vijiko kimoja kimoja hadi ulimi ukasahau. Maji, maji, maji. Na kutembea ni saa kumi na mbili asubuhi, kwanza hadi kwa fundi na kurudi, kisha hadi sokoni, kisha hadi mwisho wa mji, mbio hakuna. Jioni kuketi kwenye jamvi na kusimama, kuketi na kusimama, Bi Bafta akihesabu huku Zuhura akiniiga na kuanguka kwa makusudi.

Uzito ulipokwisha kurudi, nilipungua nusu kilo kwa juma, majuma mengine bila kitu, na Ramadhani moja niliongezeka kwa sababu ya vitumbua, sikufichi hilo. Bandu bandu humaliza gogo. Ilichukua mwaka na miezi. Lakini siku moja niliinuka jamvini bila mkono, na Zuhura, aliyekuwa amekwisha kutimiza miaka mitano, akanikumbatia kiunoni, mikono yake ikakutana nyuma kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mama, umeenea." Nami sijapata sifa nyingine iliyonitosha kama hiyo.

Sasa nasaha yangu, nayo nitaisema bila kuipamba.

Ukitaka kupunguza mafuta ya mwili wako, anza kwa kuuliza kama kweli unayo haja, na umuulize mwenye elimu ya tiba, si mwenye kicheko. Kama una mimba, unanyonyesha, una kisukari au presha, au unatumia dawa, usianze neno bila yeye. Usinywe cha kukuharisha wala cha kukutapisha. Utakachopoteza si mafuta. Usiogope kula, ogopa kula bila kipimo. Usijifunge nailoni, jasho ni maji yako, utayadai jioni. Tembea kila siku, na uinue kitu chenye uzito ili misuli ibaki nyumbani. Lala usiku ukatosheka. Kinachoshuka polepole hushuka kweli. Na mtu akikuahidi mwezi mmoja, mwulize mwezi wa pili utakuwa wapi.

Na kuhusu ibada: ukifunga, funga kwa ajili ya Yule unayemfungia, ule daku yako, ufuturu kama mja na si kama mfungwa. Usimtumie Mola wako kama pazia la jambo unaloona haya kulisema. Aliye dhaifu mbele ya sahani atasamehewa. Lakini umwambie japo mtu mmoja ukweli wa unachofanya na mwili wako. Kama hakuna hata mmoja unayeweza kumwambia, jua kwamba unachofanya ni kibaya.

Mwenyezi Mungu akupe mwili unaokutii na moyo usiosahau mapigo yake. Akupe sahani ya wastani na watu wa kuila nao. Watoto wako wakijue kifua chako kila utakapowaita, na usikutane na mgeni yeyote njiani kabla ya siku yako.

Barabara ya Kaole naipita hadi leo, asubuhi. Adhuhuri siipiti.

Na yule mwosha, nilijifunza kazi yake. Miaka tisa nilimshikia maji, na ilipofika zamu yake nilimwosha mimi kwa mikono hii, nikamkatia bafta kwa shibiri kama alivyonionyesha. Hapo ndipo niliponyamazisha watu na kuuliza kitu ambacho mtaa mzima kwa woga, nami kwa mazoea, hatukuwa tumekiuliza: huyu mama anaitwa nani? Ndugu yake aliyetoka Msata akanijibu. Kwa hiyo ukiomba dua kwa ajili ya walioninusuru, usiseme Bi Bafta. Sema Mwanahija binti Kombo.